Kampuni za Chuma Zikiungana: Uondoke kwa Hiari, Ubaki Ungoje, au Uhamie Mkataba Mpya?

Habari za kampuni kuungana hufika langoni kabla hazijabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Dereva wa trela la nondo anasema ameona wageni wakipiga picha mitambo. Karani wa mizani anasema ameombwa orodha ya wafanyakazi wote pamoja na tarehe walizoandikwa. Kisha barua zinaanza kutolewa, na kwa wengi wanaofanya kazi ya chuma hapa Kenya, Industrial Area, Ruiru na Athi River, barua hiyo hufungua njia tatu: kuondoka kwa hiari na kulipwa cha ziada, kubaki na kungoja, au kuhamia mkataba mpya chini ya kampuni iliyoungana.

Naandika kwa ajili ya aliye na barua hiyo mfukoni na ameambiwa ajibu kabla ya Ijumaa. Sitakuambia njia ipi ni bora, kwa sababu mtu wa miaka 54 aliyemaliza kusomesha na kijana aliyeandikwa juzi hawawezi kupewa jibu moja. Nitaziweka njia zote tatu kwenye mizani ileile.

Kwa nini kuungana huleta kupunguzwa

Viwanda viwili vikiwa chini ya paa moja, kila kitu kinakuwa viwili. Ofisi mbili za mishahara, stoo mbili, wanunuzi wawili wa vyuma chakavu, na mara nyingi mitambo miwili inayotoa nondo za saizi zilezile, D10 na D12, yaani za kipenyo cha milimita 10 na 12. Mwenye mali anajiuliza kwa nini awashe matanuri mawili na kulipa bili mbili za stima ilhali moja likienda shifti tatu litatosha. Hapa kwetu gharama zimebana kweli: tangu 2023 chuma ghafi kinachoagizwa kutoka nje kilitozwa ada mpya ya 17.5%, na mwaka mmoja kabla yake biashara ya vyuma chakavu ilisimamishwa na serikali kwa miezi kadhaa. Kampuni ndogo ikichoka, kubwa inainunua.

Jambo ambalo wengi hawalitazami ni wakati. British Steel ya Uingereza na Hoogovens ya Uholanzi ziliungana 1999 zikawa Corus. Pigo kubwa lilikuja Februari 2001, Corus ilipotangaza kuondoa kazi 6,050 nchini Uingereza, na kiwanda cha Ebbw Vale huko Wales kikafungwa mwaka uliofuata. Mittal ilichukua Arcelor 2006. Mwishoni mwa 2008, soko la dunia lilipoporomoka, ArcelorMittal ikatangaza mpango wa kuondoka kwa hiari kwa hadi watu 9,000, wengi wao wa ofisini. Mara zote mbili, panga lilishuka zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuungana. Yule aliyevuka mwaka wa kwanza akashukuru Mungu alikuwa bado hajavuka.

Hili lina uzito Kenya kwa sababu ya sheria yetu ya ushindani. Mamlaka ya Ushindani, ambayo wengi waliisikia Agosti 2023 ilipozitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei, ndiyo pia inayoidhinisha kampuni kuungana. Inapoamua, sheria inaitaka iangalie athari kwa ajira, na huwa inaweka masharti. Benki za NIC na CBA zilipoungana 2019, sharti mojawapo lilikuwa wafanyakazi wasipunguzwe kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwajiri au kwa chama cha wafanyakazi liwe hili: idhini ilikuja na sharti gani kuhusu kazi zetu, na linaisha tarehe ngapi? Uamuzi wenyewe huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya kuambiwa kwamba ni siri ya kampuni. Iandike tarehe hiyo mahali utakapoiona. Kila ninachosema hapa chini kinaizunguka.

Vigezo vinne

Pima kila njia kwa mambo manne: pesa utakayoshika baada ya makato, uhakika wa mshahara kwa miaka miwili ijayo, si kwa miezi sita, haki unazobaki nazo baada ya kutia saini, na mambo ya nyumbani, yaani matibabu, akiba ya uzeeni, mkopo wa Sacco na umbali wa kazi.

Pesa

Anza na kiwango cha chini kabisa cha sheria, maana bila kukijua huwezi kupima chochote unachoahidiwa. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema anayepunguzwa alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, pamoja na notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na siku zote za likizo ambazo hajachukua.

Chukua mfano wa fundi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 42,000 na miaka 14 kamili. Siku 15 mara 14 ni siku 210. Ofisi ikigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni 1,400 na jumla ni 294,000. Ikigawa kwa siku 26 za kazi, jumla inapita 339,000. Tofauti ni zaidi ya 45,000, na yote inatokana na namba moja ambayo haionekani popote kwenye barua. Uliza wanagawa kwa ngapi. Uliza pia kama mkataba wa pamoja kati ya chama na kampuni unatoa zaidi ya siku 15. Ukitoa, huo ndio unaoshika, na sheria hairuhusu asiye mwanachama apunjwe kwa sababu hiyo.

Kuondoka kwa hiari hakuna hesabu ya kisheria, ni mapatano. Wakisema mwezi mmoja kwa kila mwaka, fundi wetu anahesabiwa 588,000 kabla ya kodi. Ile 294,000 inayozidi kiwango cha sheria ndiyo bei wanayokulipa ili uondoke kimya kimya na mapema. Itazame hivyo, kisha ujiulize kama bei hiyo inatosha. Na KRA, mamlaka ya kodi, huhesabu malipo haya kuwa mapato ya ajira, kwa hiyo PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, itakatwa. Omba karatasi inayoonyesha tarakimu mbili: kabla ya makato na baada. Nimeona watu wameshaahidi pesa ya ploti kwa kutumia tarakimu ya kwanza.

Anayebaki anaendelea kupokea mshahara, na kila mwaka kamili unamwongezea siku nyingine 15. Hilo si dogo. Hatari ni kwamba akipunguzwa baadaye atapata kiwango cha chini, bila nyongeza ya hiari, na kama kampuni mpya itakuwa imefilisika atapanga foleni na wadai wengine. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inawapa wafanyakazi kipaumbele, lakini kwa kiwango chenye kikomo.

Mkataba mpya unahitaji macho makali. Weka pesilipu yako ya zamani kando ya barua mpya na usome mstari kwa mstari: mshahara wa msingi, marupurupu ya nyumba, ya shifti ya usiku, ovataimu. Mara nyingi utaona namba moja kubwa inayoitwa mshahara jumuishi, yaani vyote vikiwa ndani. Inapendeza hadi utoe ovataimu uliyozoea, ndipo unagundua imepungua. Halafu kuna swali linaloshinda hata mshahara: miaka yangu 14 inaendelea kuhesabiwa, au naanza sifuri? Kama ni sifuri, walipe stahili za miaka hiyo kwanza. Kama inaendelea, iandikwe kwenye mkataba wenyewe. Neno la mdomo la meneja ambaye huenda naye yumo kwenye orodha ya kupunguzwa halitakusaidia.

Uhakika wa miaka miwili

Hapa jibu linategemea kazi yako zaidi ya njia unayochagua. Tembea kichwani kiwanda kizima na ujiulize: upande ule mwingine yuko nani anayefanya kazi hii? Wahasibu, makarani wa stoo, wa mizani, wa usafirishaji, wanunuzi na watu wa ofisi ya wafanyakazi wana wenzao upande wa pili, nao huguswa mapema. Fundi wa umeme anayeujua mtambo, anayekata roli za kupitishia chuma, mwendesha kreni, mwenye mkono wa tanuri, na wa maabara anayepima kemikali za chuma, hawa kampuni hushindwa kuwapata haraka. Lakini hata wao kinga yao imefungwa kwenye mtambo wao. Ukisikia mtambo wenu ni wa zamani na unakula stima kuliko wa wenzenu, usijidanganye kwa ujuzi wako pekee.

Anayeondoka kwa hiari anajua hatima yake leo, ila mshahara unakoma. Anayebaki ana uhakika hadi sharti la Mamlaka ya Ushindani liishe, kama lipo, na baada ya hapo anategemea soko la nondo na mabati. Anayehamia mkataba mpya wa muda maalumu ana uhakika hadi tarehe ya mwisho tu: mkataba huo ukifika mwisho umekwisha, na mahakama zetu kwa kawaida hazikubali kwamba mtu alikuwa na haki ya kuongezewa. Mkataba mpya wa kudumu ni jambo tofauti kabisa, kwa hiyo hakikisha ni upi unapewa.

Haki unazobaki nazo

Barua ya kuondoka kwa hiari mara nyingi huwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ni shukrani na tarakimu. Wa pili, chini, karibu na mahali pa saini, kuna sentensi inayosema umekubali malipo haya kuwa ya mwisho na huna dai lingine lolote dhidi ya kampuni. Sentensi hiyo ina nguvu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya kampuni moja ya vinywaji ya Pwani, kwamba mfanyakazi aliyetia saini makubaliano ya namna hiyo kwa hiari yake anafungwa nayo. Kwa hiyo kama unadai ovataimu ya miaka mitatu, siku za likizo, au ulipandishwa cheo bila mshahara kupanda, yote yaingizwe kwenye hesabu kabla ya saini. Omba siku za kwenda nayo kwa chama au wakili. Mwajiri mwema hatakunyima, na atakayekunyima amekupa sababu ya kuogopa.

Kubaki ndiko kunakokuachia haki nyingi zaidi. Wakitaka kukupunguza ni lazima wafuate kifungu cha 40 hatua kwa hatua: waarifu chama na afisa wa leba angalau mwezi mmoja kabla, wakieleza sababu na ukubwa wa zoezi, au wakuandikie wewe binafsi kama si mwanachama, wachague watu kwa kuzingatia muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na kutegemewa, kisha walipe. Katika kesi ya Kenya Airways iliyoamuliwa 2014, Jaji David Maraga alieleza kwamba mashauriano yamo ndani ya sharti hilo la notisi ingawa sheria haikulitaja neno lenyewe. Wakiruka hatua, una miaka mitatu ya kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Lakini kesi huchukua muda na karo ya mtoto hailipwi kwa hukumu ya siku za usoni. Usibaki kwa ajili ya kushtaki. Baki kama kazi yenyewe inaelekea kubaki.

Kwa wanaohamia, ulizia kitu kimoja kinachobadilisha kila kitu: mnunuzi alinunua hisa au alinunua mitambo na kiwanja? Akinunua hisa, mwajiri wako kisheria ni yuleyule, mkataba wako unaendelea, na mabadiliko makubwa yanahitaji ushauriwe na uandikiwe. Akinunua mitambo tu, Kenya haina sheria inayokuhamisha moja kwa moja pamoja na mashine. Mwajiri wa zamani anakumaliza na kukulipa, wa mpya anakuandika, au pande tatu zinatia saini makubaliano ya pamoja. Katika hali hiyo, kukuambia "endelea tu na kazi, karatasi zitakuja" ni kukuweka pabaya.

Njia yoyote utakayochukua, usiondoke langoni bila cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria, na viwanda vingine vitakiomba.

Mambo ya nyumbani

Matibabu kwanza. Ukiwa umeajiriwa, SHA, bima ya afya ya serikali, inakatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi hata huisikii. Ukiondoka, unakadiriwa kwa hali yako ya maisha na kutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Bima ya ziada ya kampuni nayo huisha na kazi. Kama nyumbani kuna mtu wa kliniki ya kila mwezi, omba bima hiyo iendelee hadi mwisho wa mwaka wake. Ni jambo ambalo kampuni hulikubali kwa urahisi kuliko kuongeza pesa, maana mara nyingi imeshalipia.

Akiba ya uzeeni inaweza kugeuza uamuzi mzima. Tangu Desemba 2024, malipo ya mfuko wa pensheni uliosajiliwa hayatozwi kodi ikiwa umefikia umri wa kustaafu wa mfuko huo, umestaafu kwa ugonjwa, au umekuwa mwanachama kwa miaka 20. Aliyebakisha miezi minne kufikisha 20 apiganie tarehe ya kuondoka kuliko kupigania nyongeza. NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, nayo hulipwa ukifikisha 60, au kuanzia 50 ukiwa umeacha kuajiriwa, kwa hiyo mtu wa miaka 38 asiitie kwenye hesabu ya kifurushi cha malipo ya kuondoka.

Mkopo wa Sacco ndio unaovunja urafiki. Ulikuwa unakatwa kwenye pesilipu. Pesilipu ikikoma, deni linabaki, na wadhamini wako ni wenzako wa shifti ileile ambao huenda nao wamepunguzwa. Nenda Sacco kabla ya kujibu barua. Uliza ukitoa akiba yako kwenye deni kinabaki kiasi gani, na kama wanaweza kupanga upya malipo. Kama ulikuwa mdhamini wa wengine, uliza hilo pia.

Umbali ni wa wanaohamia. Watu wengi wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben huenda kazini kwa miguu. Mtambo ukihamishiwa Athi River, matembezi hayo yanakuwa nauli ya kwenda na kurudi, na shifti ikiisha saa nne usiku, Mombasa Road ni safari nyingine. Omba basi la wafanyakazi au marupurupu ya usafiri ndani ya mkataba, na upige hesabu ya kodi ya nyumba Mlolongo kabla ya kusema ndiyo.

Nani inamfaa nini

Umepita 50, pensheni yako ina miaka 20 au zaidi, watoto wamemaliza shule, na kazi yako ina mwenzake upande wa pili: kuondoka kwa hiari kuna mantiki kubwa, hasa kama nyongeza inazidi kiwango cha sheria kwa mbali. Bishania bima na tarehe.

Una ujuzi unaouzika nje, kama kuchomelea, umeme wa mitambo au kukereza, na tayari una wateja Kariobangi au Kamukunji wanaokutafuta wikendi: kifurushi kinaweza kukununulia mashine. Nimesema "tayari una". Anayepanga kutafuta wateja baada ya kulipwa huila pesa hiyo kwa kodi ya nyumba na karo. Vilevile usiipeleke yote kwenye ploti ambayo hujaona hati yake.

Wewe ni wa tanuri, wa kreni au wa maabara, na mtambo wenu ndio mpya kuliko wa wenzenu: kubaki kunakufaa, na huna sababu ya kukimbilia barua. Tumia mwaka wa kwanza kulipa deni la Sacco na kuweka kando mishahara michache, kwa sababu ya mwaka wa pili.

Una miaka michache tu ya utumishi na mshahara wako ndio unaolisha nyumba nzima: malipo ya hiari yatakuwa madogo, kwa hiyo mkataba mpya wa kudumu wenye miaka yako kuhesabiwa ni afadhali. Ukipewa wa muda maalumu, ukubali ukijua unatafuta kazi nyingine tangu siku ya kwanza.

Umekuwa kibarua kwa miaka mingi bila kuandikwa: huenda hujapata barua yoyote. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinaweza kuifanya kazi yako ihesabiwe kuwa ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi ukiwa umefanya kwa mfululizo. Kusanya chochote chenye tarehe, iwe karatasi za malipo, ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa mwajiri, au kadi ya lango, uende kwa afisa wa leba sasa, kabla orodha ya wa kulipwa haijafungwa.

Na kama umeambiwa ujibu Ijumaa na bado hujapata tarakimu ya baada ya kodi, jina la aliyenunua na alichonunua, na tarehe ambayo sharti la ajira linaisha, andika barua fupi leo, omba majibu ya hayo matatu kwa maandishi na wiki mbili zaidi, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.